Makufuli Mawili Mfukoni

Watu wakijua mimi ni fundi lifti huniuliza swali lilelile: je, siogopi kuanguka? Zamani nilikuwa nawajibu kwa majivuno kwamba lifti haianguki ovyo kama sahani, ina waya sita na breki zake, na kwamba mtu yuko salama zaidi ndani ya lifti kuliko kwenye ngazi za nyumbani kwake akiwa amevaa kandambili. Miaka kumi na saba nimetoa jibu hilo. Siku hizi nasema ndiyo, naogopa, ila siogopi lifti. Namwogopa mtu aliye kazini akiwa hajalala, kwa sababu nimewahi kuwa yeye.

Nieleze yalivyoanza. Kampuni yetu ni ndogo, ina mafundi wawili tu wanaojua kazi na simu moja ya dharura. Ukikwama kwenye lifti yoyote tunayoihudumia, namba utakayoiona imebandikwa ukutani mle ndani ni ya simu hiyo. Aliyekuwa akikaa nayo alistaafu, nikaichukua mimi. Nililala nayo kando ya mto bila wasiwasi wowote, mpaka usiku mmoja ilipoita mara tisa nisiisikie. Kwenye lifti ya jengo moja alikwama mzee mwenye pumu. Alikaa mle gizani dakika arobaini na tano. Alitoka mzima, tena alinishika mkono akaniambia nisijali, mambo hutokea. Afadhali angenitukana. Tangu siku ile, kila nikifumba macho nilikuwa naziona zile simu tisa zimejipanga kwenye kioo.

Basi nikakata shauri kwamba sitalala tena usingizi mzito. Nacheka nikiandika hivyo, lakini wakati ule niliona ni uamuzi wa mwanamume anayejua wajibu wake. Nikaanza kulala na simu kifuani, mlio wake umepandishwa hadi mwisho. Nikawa naiwasha kila nusu saa nihakikishe haijafa. Jioni nilikunywa kahawa nyeusi ili nisizame. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye ndiye yule fundi wa pili, aliniambia tupokezane, wiki yangu na wiki yake. Nikamkatalia. Nilimwona bado mtoto, ingawa ana miaka thelathini na mbili na ndevu nyingi kuliko mimi. Kusema kweli sikumwamini mtu yeyote na ile simu, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa sijiamini hata kidogo.

Mke wangu ni muuguzi wa wadi ya wazazi, na mtu aliyezoea kuwaambia wanawake wenye uchungu "sukuma" hana subira ya kumbembeleza mume. Akiwa na raha huniita mume wangu. Akikasirika huniita Fundi. Mwezi ule sikusikia mume wangu hata mara moja.

"Fundi, ukiendelea hivi utaanguka," aliniambia asubuhi moja huku akibandika karatasi kwenye mlango wa kabati la nguo. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari lake la zamu, na ameiandika kwa herufi kubwa kana kwamba mimi ni mgonjwa asiyeona vizuri. Kulala saa nne, kuamka saa kumi na moja, kila siku, hata Jumapili. Kahawa mwisho saa nane mchana. Taa zipunguzwe saa nzima kabla ya kulala. Simu isiingie chumbani. Kila linalokutia wasiwasi liandikwe kwenye daftari, daftari lifungwe, liachwe sebuleni. Usingizi usipokuja kwa dakika ishirini, usigaegae. Ondoka kitandani, kakae kwenye kiti usome kitu kisichokusisimua, urudi ukianza kusinzia.

"Hii ni ratiba ya watoto wa chekechea," nikamwambia.

"Watoto wa chekechea wanalala," akanijibu. "Unajua kwamba unaongea usingizini?"

"Nani, mimi?"

"Wewe. 'Imezimwa, imefungwa.' Jana umesema mara nne, kwa sauti yako kabisa ya kazini, mpaka nikawasha taa nikuangalie. Macho umefumba."

"Basi hiyo ni dalili ya mfanyakazi hodari," nikasema, nikacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama vile wanavyotazama kipimo cha joto, kisha akachukua mkoba wake akaenda zamu.

Maneno hayo mawili lazima niyaeleze, maana ndiyo yaliyotaka kuniharibia maisha.

Kuna jengo moja la zamani la ofisi tunalolihudumia, ghorofa kumi na mbili, lifti moja, na ngazi zinazowafanya makarani wamkumbuke Mungu. Lifti mpya huwa na kitufe juu ya paa la kibanda, yaani kile chumba mnachosimama nyinyi abiria, na fundi akikibonyeza mashine haiendi. Ile ya zamani haina. Ukitaka kusafisha reli zake au kuzipaka grisi, unafungua mlango wa ghorofa kwa ufunguo maalumu, unashuka juu ya paa la kibanda, halafu mlango unajifunga nyuma yako. Mle shimoni, kwenye njia ya lifti, ni giza na vyuma vitupu. Kama umeme haujazimwa kule juu kwenye chumba cha mashine, mtu yeyote akiita lifti inaondoka na wewe. Pembeni, kati ya kibanda na ukuta, panapita mkono. Mtu hapiti.

Ndiyo maana kuna sheria ya makufuli. Kila fundi ana kufuli lake jekundu na ufunguo wake. Swichi kuu ikishushwa, kila anayefanya kazi anaitundikia kufuli lake kwa mkono wake mwenyewe, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Hakuna wa kuirudisha mpaka kila mtu atoke shimoni aje afungue la kwake. Hiyo ndiyo sheria, na ni nzuri. Sasa sikia tulivyokuwa tunafanya sisi. Lifti ikishazimwa, aliye juu akitaka kushuka ni kwa miguu, na aliye chini akitaka kupanda ni kwa miguu, na hakuna fundi lifti duniani anayependa ngazi. Kwa hiyo shemeji alikuwa ananipa kufuli lake nimpandishie, yeye anabaki na ufunguo tu. Nafika juu, nazima, natundika yote mawili, naita kwenye redio ya mkononi: "Imezimwa, imefungwa." Yeye anajibu: "Nimesikia, naingia." Kupitia matundu ya waya sakafuni nasikia buti lake likitua juu ya paa, halafu anaanza kupiga mluzi.

Mluzi wenyewe ulikuwa mbovu. Shemeji hana sauti, hana mpangilio, na wimbo wowote akiupiga unageuka kuwa wimbo mmoja. Nilikuwa namkemea kwenye redio anyamaze. Naye alikuwa ananijibu kwamba dada yake aliolewa na mimi kwa huruma tu, baada ya kunikuta nimekwama, kwa hiyo sina haki ya kuchagua muziki. Miaka sita tulifanya kazi hivyo, kufuli lake mkononi mwangu, na tukajiona wajanja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu asubuhi. Usiku wake sikupata hata lepe la usingizi mpaka karibu na alfajiri, na lepe lenyewe lilikatizwa na simu ambayo haikuita. Niliota tu kwamba imeita. Macho yalikuwa yanawasha kama yametiwa mchanga. Nilikuwa nimeshakunywa vikombe vitatu vya kahawa, lakini kichwani hapakuwa na mtu.

Tulikuwa tumesimama ghorofa ya tisa. Shemeji akanitazama usoni.

"Shemeji, leo niende juu mimi. Wewe shika kazi ya huku."

"Kwani nimezeeka?"

"Umelala jana?"

"Kama mtoto mchanga."

"Watoto wachanga huamka kila saa wakilia," akasema. Siku nyingine ningecheka. Siku ile nilimnyang'anya kufuli mkononi, nikalitia mfukoni pamoja na langu, nikaingia kwenye lifti na kubonyeza kumi na mbili bila kumwangalia. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Juu nilikirudisha kibanda ghorofa ya nane, kama ilivyo kawaida, ili paa lake liwe chini kidogo ya mlango wa tisa. Nikapanda ngazi ndogo ya chuma hadi chumba cha mashine. Pale ndani pana joto, pananuka grisi, na panavuma taratibu. Kamba ya buti langu ilikuwa imefunguka. Nikakaa juu ya sanduku la vifaa niifunge.

Nikaifunga. Nikasimama, nikashusha swichi kuu, nikaisikia ikilia ta! Nikatundika kufuli langu, nikatundika na la shemeji. Nikaita: "Imezimwa, imefungwa." Akajibu: "Nimesikia, naingia." Nikasikia buti likitua. Nikasikia mluzi, na nakumbuka niliufurahia, nikaona leo hata sauti yake si mbaya. Nikarudi kukaa kwenye sanduku nimsubiri, nimetulia kabisa.

Kilichonizindua ni mlio wa mashine.

Nilifumbua macho. Gurudumu kubwa la waya lilikuwa linazunguka mbele yangu. Lilizunguka mara mbili tatu, polepole, halafu likasimama lenyewe, na breki ikauma. Kamba ya buti langu bado ilikuwa imefunguka. Redio nilikuwa nimeishika mkononi, kidole changu kipo juu ya kitufe cha kuongelea. Nikatazama ukutani. Swichi kuu ilikuwa juu, na haikuwa na kufuli hata moja.

Nikatia mkono mfukoni. Yalikuwemo yote mawili.

Sijui niseme nini kuhusu hofu ile. Nimesikia watu wakisema moyo ulinipasuka, nami nilidhani ni maneno tu. Mate yalinikauka hapo hapo, ulimi ukanata juu. Kilichoniogopesha zaidi ni ile redio. Kama kila kitu kilikuwa ndoto, basi ndoto haina madhara. Ningemwomba shemeji radhi kwa kumchelewesha na mambo yangeisha. Lakini kwa nini kidole changu kilikuwa kwenye kitufe? Mke wangu alikuwa ameniambia, tena nikamcheka. Kwa sauti yako kabisa ya kazini, alisema. Nilikuwa nimeyasema yale maneno au sikuyasema? Na kama niliyasema, shemeji aliyasikia, na akiyasikia huwa anaingia. Miaka sita hajawahi kuuliza mara ya pili.

Na lifti ilikuwa imetoka kutembea sasa hivi.

Nikaishusha ile swichi kwa mikono miwili. Nikabonyeza redio. "Shemeji!" Kimya. "Shemeji, nijibu! Uko wapi?" Redio ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Nikapiga magoti kwenye matundu ya waya, nikaweka sikio. Hapakuwa na mluzi. Nikamwita kwa sauti mle shimoni, na sauti yangu ikaenda chini ikapotea.

Nilishuka zile ngazi sijui vipi. Nakumbuka reli ya mkono ikiniunguza kiganja. Nakumbuka karani mmoja wa ghorofa ya kumi na moja, mwanamke mwenye mafaili, akijibanza ukutani kunipisha na kuniuliza kuna moto. Kichwani nilikuwa naongea na mke wangu. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia. Nilianza, "Mke wangu, mdogo wako," nikashindwa, nikaanza tena. Kila ghorofa nilianza upya. Nilimwaza pia mama mkwe, ambaye siku shemeji anaanza kazi alinishika bega na kuniambia, "Baba, nakukabidhi huyu." Nilimwitikia kwa kichwa tu, kwa sababu nilikuwa natafuna.

Ghorofa ya tisa. Mbele ya mlango wa lifti palikuwa na kofia ngumu ya shemeji, imekaa sakafuni, na kando yake kopo la grisi. Mwenyewe hayupo.

Ufunguo ulikataa kuingia mara tatu. Ulipoingia nikavuta mlango. Kibanda kilikuwa mbele yangu, sawa na sakafu, giza ndani. Maana yake kilikuwa kimepanda kutoka ya nane. Maana yake paa lake, ambalo yeye alipaswa kuwa amesimama juu yake, sasa lilikuwa juu ya kichwa changu, ndani ya ukuta. Nikawasha tochi. Mtu mmoja mwenye macho mekundu akanitazama kutoka kwenye kioo cha lifti, nami nikapiga kelele kabla sijamtambua kuwa ni mimi.

Nikapiga dari kwa ngumi. "Shemeji! Shemeji, sema neno!" Nikamulika ule upenyo wa pembeni, ambao haupiti mtu, nikitafuta kitu nisichotaka kukiona. Nilikuwa nalia kwa sauti sasa, sioni haya kusema.

"Niko hapa."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Shemeji alikuwa ameketi kwenye ngazi za kwenda ghorofa ya nane, vidaraja vinne chini ya sakafu, ambapo mtu anayetoka juu hawezi kumwona. Redio ilikuwa juu ya mapaja yake. Uso wake ulikuwa umepauka.

Nilimrukia nikamshika mabega, mikono, kichwa, kama mtu anayekagua mzigo uliotoka safarini. Akaniacha nimkague. Kisha akanisukuma, si kwa nguvu.

"Nimekusikia ukiniita," akasema. "Sikukujibu makusudi. Nilitaka usikie kidogo nilichokisikia mimi."

"Nilisema? Kwenye redio, nilisema?"

"Umesema. 'Imezimwa, imefungwa.' Sauti yako hiyo hiyo. Mtu yeyote angeingia."

"Na wewe hukuingia."

"Nilibonyeza kitufe cha kuita." Akaonyesha mlango wa lifti kwa kidevu. "Wiki tatu zilizopita dada alinipigia simu akiwa kazini. Akaniambia, mdogo wangu, hayo maneno mnayopeana na mume wangu, siku hizi anayasema usingizini. Akasema usiyaamini. Akaniambia nisikwambie kwamba kasema, maana utamkasirikia. Tangu siku hiyo kila ukisema imezimwa, mimi nabonyeza kitufe kwanza, nione. Wiki tatu nabonyeza, lifti haiji, naingia. Leo imekuja."

Nikakaa kwenye ngazi kando yake. Mahali fulani chini watu wakaanza kugonga mlango wa lifti na kuuliza kulikoni.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Nikwambie wewe?" Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kibaya. "Dada anaogopa kukuamsha. Mimi naogopa kukwambia umechoka. Asubuhi nakuomba niende juu, unaninyang'anya kufuli. Sisi wote tunakuogopa, shemeji. Wiki tatu naingia mle roho mkononi. Hukuona hata kwamba siku hizi sipigi mluzi?"

Sikuwa nimeona. Mluzi nilikuwa nausikia ndotoni tu, na ndotoni ulikuwa mzuri.

Tulipiga simu ofisini tukasema ukweli wote, na mkuu wetu alifoka mpaka akapaliwa. Alinipa siku kumi za kukaa mbali na swichi yoyote. Lakini lililokuwa gumu halikuwa hilo. Gumu lilikuwa kumtolea shemeji ile simu ya dharura pale pale kwenye ngazi. Niliishika, akaishika, nami sikuiachia. Akasubiri. Mwishowe akasema, "Shemeji, mimi huwa naamka," nikaiachia.

Nyumbani nilimwambia mke wangu mwenyewe, kabla mdogo wake hajampigia. Nilitegemea aniite Fundi. Alikaa kitandani na sare yake ya kazi, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akalia bila sauti, akijifuta kwa mgongo wa mkono.

"Unafikiri nani alikuwa anahesabu?" akasema. "Mara nne, mara sita. Nalala macho nikikusikiliza, ukinyamaza naogopa, ukiongea naogopa. Asubuhi naenda kupokea watoto wa watu nikiwa hivyo. Nami nina mikono, mume wangu. Nami naweza kuangusha."

Hilo lilinipiga kuliko makelele ya mkuu. Usiku huo niliisoma ile karatasi ya kwenye kabati kwa mara ya kwanza kama mtu anayesoma maelekezo ya mashine asiyoijua.

Sitawadanganya kwamba nililala. Usiku wa kwanza bila simu ulikuwa mbaya kuliko wote. Mkono ulikuwa unaitafuta kifuani. Nililala saa nne kama nilivyoamriwa, dakika ishirini zikapita, nikaenda sebuleni kwenye kiti, nikasoma kitabu cha maelekezo ya mashine ya kufulia, nikarudi, nikatoka tena. Daftarini niliandika: yule mzee, simu tisa, gurudumu, kofia sakafuni. Niliandika kofia sakafuni mara nyingi. Usiku wa tatu uzalendo ukanishinda, saa nane nikachukua simu ya mke wangu nikaipigia ile ya dharura kuhakikisha kama shemeji anaamka kweli.

Akapokea kabla haijaita mara ya pili. "Umekwama wapi?" akauliza kwa sauti ya kazi.

"Kitandani," nikasema.

"Kalale, mzee," akasema, akakata.

Nikarudi, na usiku ule nikalala kwa saa nne mfululizo. Wiki ya pili zikawa tano na kitu. Kahawa ya jioni iliniuma kuiacha, kichwa kilinigonga siku sita. Jumapili nilinung'unika kuamshwa saa kumi na moja, nikajibiwa kwamba mwili haujui Jumapili. Hofu haikuondoka, ilipungua kidogo kidogo, na asubuhi moja nikaamka mwenyewe, chumba kina mwanga wa bluu, nikageuka nikamwona mke wangu amelala mdomo wazi, anakoroma. Sikukumbuka lini niliwahi kumwona amelala. Nilibaki pale bila kusogea nisije nikamwamsha.

Siku niliyorudi kwenye jengo lile, makufuli hayakupeanwa. Shemeji alipanda mwenyewe hadi chumba cha mashine, akatundika lake chini ya langu, akatia ufunguo mfukoni, akashuka ghorofa tatu kwa miguu huku akilalamikia magoti. Nikaita: "Imezimwa, imefungwa." Akabonyeza kitufe, kama tunavyofanya sote siku hizi. Gurudumu likabaki kimya. "Nimesikia, naingia," akasema. Buti likatua. Akafanya kazi saa nzima bila kutoa sauti, nami nikasimama saa nzima bila kukaa, nimeyakodolea macho yale makufuli.

Ikawa hivyo mwezi huo, na mwezi uliofuata, na ule mwingine. Kwenye gari alitania kama kawaida. Kwenye meza yetu alikula na kumchokoza dada yake. Akiingia shimoni tu, kimya. Sikumuuliza. Niliendelea kulala saa nne, nikaamka saa kumi na moja, wiki yangu nikakaa na simu na wiki yake nikampa, na kila asubuhi aliniuliza, "Umelala?" nami nikamwambia nimelala kwa saa ngapi, bila kuongeza hata dakika.

Halafu Alhamisi moja, mwezi wa nne tangu nirudi, nimesimama juu na kitambaa mkononi, buti likatua juu ya paa. Nikasikia sanduku lake likifunguka. Nikasikia kopo la grisi. Kisha, kupitia matundu ya waya, mluzi ukaanza, ule ule, hauna mpangilio, mbovu kupita kiasi.

Redio ilikuwa mkononi. Niliiweka juu ya sanduku, mbali nami, nikausikiliza mpaka mwisho.